Diski imekaribia kujaa: tufute au tuongeze?

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zilinibana. Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi hulikumbuka siku mambo yameshaharibika: bakapu, yaani nakala za akiba za data. Tena si bakapu yoyote tu, bali ile inayoondoa marudio. Bakapu ya namna hii ina tabia zake, na tabia hizo huzioni vizuri mpaka siku diski inapokaribia kujaa na unatakiwa kuipanua.

Kwa wageni: mimi ni mwandishi wa programu, nilisomea sayansi ya kompyuta, na makao yangu ni hapa Ukunda, Kwale. Pamoja na kuandika programu, natunza seva moja ya bakapu kwa wateja watatu. Wa kwanza ni zahanati ya binafsi kule Msambweni. Wa pili ni nyumba ya wageni pale Diani. Wa tatu ni studio ya kijana anayepiga picha za harusi za ufukweni. Majina yao tuyaache. Seva yenyewe ni kompyuta ya kawaida yenye diski mbili za terabaiti 4 kila moja. ZFS imezifunga pamoja kama kioo: kinachoandikwa kwenye hii kinaandikwa na kwenye ile. Juu yake naendesha BorgBackup, programu huria isiyolipiwa.

Septemba 2025 seva ilinionyesha asilimia 82. Kwa mtu wa nje hiyo ni habari njema, bado kuna asilimia 18. Kwa mtunza bakapu ni kengele. Lakini kabla ya kueleza kwa nini, tuelewane kwanza tunazungumzia nini.

Kuondoa marudio ni nini?

Chukua daftari la mahudhurio la shule ya msingi. Mwalimu haandiki majina ya watoto 40 kila siku. Anayaandika mara moja tu, kushoto mwa ukurasa, kisha kila asubuhi anaweka alama. Mwisho wa mwezi daftari lina habari za siku zote, na majina yameandikwa mara moja.

Bakapu inayoondoa marudio inafanya hivyo hivyo. Inakata kila faili vipande. Kila kipande kinapigiwa hesabu, kwa mfano SHA-256, na kinapata alama yenye herufi na tarakimu 64. Vipande viwili vinavyofanana kabisa hupata alama moja. Kwa hiyo usiku, kabla ya kutuma kipande, programu inauliza: alama hii tunayo? Kama ipo, kipande hakitumwi. Kinachoandikwa ni alama tu kwenye orodha ya leo. Kama haipo, ndipo kipande kinahifadhiwa.

Swali linalofuata: vipande vikatwe wapi? Hapa pana ujanja mzuri sana. Fikiria foleni ya abiria kule Likoni, na kila matatu inachukua watu 14 kamili. Mtu mmoja akijipenyeza mbele kabisa ya foleni, magari yote yanabadilika: wa 14 anasukumwa gari la pili, wa 28 anasukumwa la tatu, mpaka mwisho. Ndivyo inavyokuwa ukikata faili kwa urefu ulio sawa. Ukiongeza herufi moja mwanzoni, vipande vyote vinaonekana vipya, ingawa data karibu yote ni ile ile.

Sasa tubadilishe sheria: gari linaondoka kila anapopanda mtu mwenye kofia nyekundu, hata kama limebeba tisa au kumi na wawili. Mtu akijipenyeza mbele, gari la kwanza tu ndilo linalobadilika. Magari mengine yanabaki na watu wale wale, kwa sababu kofia nyekundu hazikuhama. Borg inakata vipande namna hiyo. Inapita juu ya data kwa dirisha dogo na kutafuta "kofia nyekundu" ndani ya data yenyewe. Kipande chake kwa kawaida ni kama megabaiti 2, hakishuki chini ya nusu megabaiti wala kuzidi 8.

Wazo hili si la jana. Hesabu ya alama zinazotembea juu ya data iliandikwa na Michael Rabin mwaka 1981. Andrew Tridgell alitoa rsync mwaka 1996. Mwaka 2001 watafiti wa MIT walionyesha mfumo wa mafaili uitwao LBFS, uliokata vipande kwa kuangalia yaliyomo ili kuokoa mtandao wa polepole. Mwaka 2002 Bell Labs walionyesha Venti, hifadhi ambamo kila kipande kinaitwa kwa alama yake. Biashara nayo ikaingia: mwaka 2009 EMC waliinunua kampuni ya Data Domain, iliyouza mashine za kazi hii, kwa takriban dola bilioni 2.1. Leo mimi na wewe tunaipata bure.

Namba zenyewe

Kwa kila mteja natunza bakapu 23: saba za siku, nne za wiki, na 12 za mwezi. Hali ilikuwa hivi:

Zahanati: data hai gigabaiti 140. Mara 23 ni terabaiti 3.2. Kwenye diski: gigabaiti 190.
Nyumba ya wageni: data hai gigabaiti 60. Mara 23 ni terabaiti 1.4. Kwenye diski: gigabaiti 75.
Studio: data hai terabaiti 2.9. Mara 23 ni terabaiti 66.7. Kwenye diski: terabaiti 3.0.

Jumla, terabaiti 71 na ushei zimekaa ndani ya terabaiti 3.27. Ni karibu mara 22! Wauzaji wa mashine hizi hupenda sana kutaja namba ya namna hiyo. Lakini iangalie tena. Ningetunza bakapu 46 badala ya 23, uwiano ungekaribia mara 44 na nisingeokoa hata baiti moja. Uwiano unakueleza umehifadhi marudio mangapi. Haukuelezi lini diski itajaa.

Kinachojaza diski ni vipande vipya. Studio ilikuwa inaleta karibu gigabaiti 80 za picha mpya kwa mwezi. Picha ya leo haifanani na ya jana hata kama ni bibi harusi yule yule chini ya mnazi ule ule, na tena kamera imekwishaibana. Haba na haba hujaza kibaba. Mimi sipendi kuipitisha ZFS asilimia 90, kwa hiyo zilibaki gigabaiti kama 335, yaani miezi minne. Na Desemba ndiyo mwezi wa harusi Diani.

Kwa nini si asilimia 100? Kwa sababu kufuta nako kunahitaji nafasi. Borg haifuti papo hapo. Inaandika kwanza kwamba kipande fulani kimefutwa, kisha amri ya borg compact inavihamisha vipande vilivyo hai na kutupa mabaki. ZFS nayo haiandiki juu ya kilichopo. Inaandika mahali papya kisha inaachilia pa zamani. Diski ikijaa pomoni unaweza kukuta huwezi hata kufuta. Ndiyo maana Borg 1 ina akiba ya dharura unayoiweka mwenyewe mapema:

borg config /hifadhi/studio additional_free_space 5G

Kama unatumia Borg 1 na hujaweka hii, iweke leo.

"Kaka, si ufute tu za zamani?"

Hilo ndilo lilikuwa jibu la kwanza la mwenye studio nilipowaeleza wateja wangu. Ni jibu la busara kwa bakapu za kawaida. Ukiwa na nakala 23 kamili, ukafuta 12, unapata zaidi ya nusu ya nafasi. Kwa bakapu inayoondoa marudio sivyo. Rudi kwenye daftari la mwalimu: futa alama za Januari mpaka Juni, majina bado yapo, kwa sababu Julai inayategemea. Data hai ya studio ni terabaiti 2.9 na hifadhi yake yote ni 3.0. Picha zenyewe hazirudiani. Hata ningefuta bakapu zote nikabakiza ya jana usiku tu, ningepata gigabaiti 100. Mwezi mmoja na siku chache! Na kwa bei ya mwezi huo mmoja tungekuwa tumetupa historia ya mwaka mzima.

Jibu lake la pili lilikuwa na mvuto zaidi. "Kaka, una diski mbili za terabaiti nne. Mbona tunatumia nne tu? Zitenganishe, tupate nane, hatununui kitu."

Kweli, inawezekana. Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme kila diski ina uwezekano wa asilimia 2 wa kufa ndani ya mwaka. Ukizipanga mfululizo ili upate terabaiti 8, yoyote ikifa hifadhi yote imekwenda, kwa hiyo uwezekano unakuwa karibu asilimia 4. Ukiziacha kama kioo, lazima zife zote mbili, yaani kama 4 kati ya 10,000. Na hapo tumejidanganya kidogo kwamba diski hizi hazijuani. Zinajuana: zinakula umeme mmoja na kuvuta hewa moja.

Hewa ya huku mnaijua. Kusi ikivuma, chumvi inaingia mpaka kwenye kufuli za milango. Ndiyo maana seva iko Ukunda, ghorofani, mbali kidogo na ufuko, ndani ya chumba kikavu na UPS pembeni.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwa na diski. Kila mwezi naendesha zpool scrub, ambayo inasoma kila kitu na kulinganisha na hesabu iliyohifadhiwa. Wiki ile ya mjadala ilipomaliza, safu ya CKSUM ya diski moja ilionyesha 3. Makosa matatu ya kusoma, kimya kimya, bila diski kulalamika. ZFS iliyarekebisha kutoka diski ya pili na kazi ikaendelea.

Sasa fikiria diski zingekuwa zimetenganishwa. ZFS ingeweza kutuambia kwamba data imeoza, lakini ingeponyesha kutoka wapi? Na hapa ndipo bakapu hii inatofautiana na nyingine. Kwenye bakapu za kawaida kosa moja linaharibu nakala moja, unachukua ya wiki iliyopita. Kwenye hii, kipande kimoja kinategemewa na bakapu zote 23. Mchwa wakila safu ya majina kwenye daftari, siku zote za mwezi hazina maana. Tumekubali kuandika kitu mara moja tu, basi ile mara moja lazima ilindwe. Nilimtumia mwenye studio picha ya ile namba 3. Hakuzungumzia tena kuzitenganisha.

Kuna walioniuliza kuhusu wingu. Kutuma terabaiti 3 kwa mtandao wa megabiti 20 kwa sekunde ni karibu siku 14 mfululizo, usiku na mchana, na kuzirudisha ni muda kama huo kwa mtandao kama huo. Nakala ya mbali ni muhimu, na ya zahanati ninayo kwa sababu ni ndogo. Lakini kutegemea mbali peke yake hapana. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Kenya ilidorora. Siku kama hiyo unataka data yako iwe umbali wa bodaboda.

Na kwa wale watakaosema "washa kuondoa marudio kwa ZFS yenyewe": Borg inasimba data kabla haijafika kwenye diski. ZFS ingeona vipande vyote ni vipya, isiokoe kitu, na bado ingeweka faharasa. Makadirio ya kawaida ni baiti 320 kwa kila kipande. Kwa terabaiti moja yenye vipande vya kilobaiti 128 hiyo ni kama gigabaiti 2.5 za RAM. Gharama bila faida.

Tulivyofanya

Tulinunua Mombasa diski mbili za terabaiti 8, kutoka maduka mawili tofauti ili zisiwe za toleo moja la kiwanda. Kabla ya kulipa angalia kama diski ni CMR au SMR. Mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya diski za WD Red zilikuwa SMR bila kuandikwa wazi, na ZFS ikijenga upya kioo juu ya SMR inaweza kuchukua muda mrefu mno.

Wengi hung'oa diski moja ya zamani, huweka mpya, husubiri. Mimi sikufuata njia hiyo. Wakati wa kusubiri unabaki na diski moja tu, tena ya zamani, ikisomwa yote mwanzo mpaka mwisho. Kama inataka kufa, itafia hapo. Nilifuata mpangilio huu:

1. Kuhakiki bakapu zenyewe kwa borg check --verify-data, na kurudisha faili kadhaa za kila mteja ili kuona zinafunguka.
2. zpool attach: diski mpya ya kwanza inaingia kama kioo cha tatu. Zamani mbili bado zipo.
3. Kusubiri inakili. Kwa megabaiti 120 kwa sekunde, terabaiti 3.3 ni karibu saa nane.
4. zpool attach ya pili, saa nane nyingine. Sasa diski nne zina kitu kile kile.
5. zpool detach ya zile mbili za zamani, kisha zpool set autoexpand=on na zpool online -e kwa kila diski mpya.

Nafasi ikapanda mpaka terabaiti 8 na hakuna sekunde ambayo data ilikuwa mahali pamoja tu. Wenye RAIDZ, mlango wenu ulifunguka Januari 2025, OpenZFS 2.3 ilipoleta uwezo wa kuongeza diski moja moja.

Sehemu nyingine ya kupanua haikuhitaji bisibisi. Programu ya zahanati ilikuwa inatoa nakala ya hifadhidata kila usiku na kuibana kwa gzip. Badiliko dogo mwanzoni mwa faili linabadilisha kila kitu baada yake, kwa hiyo gigabaiti 2 zilionekana mpya kila usiku. Nikaomba nakala itoke bila kubanwa (Borg inabana yenyewe baadaye), na kinachotumwa kikashuka chini ya megabaiti 300. Kama ni lazima ubane, tumia gzip --rsyncable. Kwa diski akiba hiyo ni kama gigabaiti 40 tu. Kwa laini ya mtandao ya Msambweni ni tofauti kati ya bakapu inayomalizika alfajiri na ile ambayo bado inatuma wagonjwa wa kwanza wakiwa wameshapanga foleni.

Nani alipe?

Walipoanza, wateja hawa walikubaliana kugawana gharama sawa kwa sawa. Studio ilikuwa changa wakati huo na data zao zilikaribiana. Nilipowapelekea hesabu ya diski mpya niliambatanisha namba zile zile mlizoziona hapo juu. Mwenye zahanati, muuguzi mstaafu, alizisoma taratibu kisha akanipigia simu.

"Mwanangu, kwa hiyo mafaili ya wagonjwa wangu yamekuwa yakilipia harusi za watu?"

"Ndiyo, Mama. Nafasi yako ni kama asilimia 6. Unalipa 33."

Hakuwa na hasira, lakini alisema asingeweza kuchangia theluthi ya diski mpya, na kama hakuna njia nyingine angejitoa. Kujitoa kwake kungemaanisha kumbukumbu za wagonjwa kubaki kwenye kompyuta moja ya mapokezi. Hapo ndipo nilipoona kwamba kupanua hifadhi si suala la diski tu.

Kwa bahati hesabu iliwezekana, kwa sababu kila mteja ana hifadhi yake na ufunguo wake. Ningewaweka wote ndani ya hifadhi moja ningeokoa nafasi kidogo, lakini kipande kinachotumiwa na wawili ungemtoza nani? Na zaidi ya hapo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Sitaki ufunguo wa mpiga picha ufungue chumba cha daktari.

Tulikaa wote watatu na mimi. Sasa umeme, UPS na kazi yangu wanagawana sawa. Diski kila mtu analipa kwa vipande vyake vilivyomo kwenye diski, baada ya marudio kuondolewa. Mwenye studio alikuna kichwa, kisha akasema ataongeza gharama ya kutunza picha kwenye bei ya harusi, na picha za miaka ya nyuma atawauliza wenyewe kama bado wanataka zitunzwe. Hilo lilikuwa swali ambalo hakuna aliyewahi kuwauliza.

Kwa mwendo wa gigabaiti 80 kwa mwezi, nafasi mpya itafika asilimia 90 baada ya miaka minne hivi. Sitasubiri 90. Kila tarehe mosi natazama namba moja tu: vipande vipya vya mwezi uliopita, kwa kila mteja. Diski mbili za zamani nimezifuta. Ile iliyokuwa na makosa naitumia kwa majaribio, haitabeba tena data ya mtu.

Haya wadau, nawe ukirudi kwenye seva yako, usiangalie uwiano. Angalia vipande vipya, angalia scrub ya mwisho ilikuwa lini, na jaribu kurudisha faili moja. Mwenye swali aulize, nitajibu kadiri umeme utakavyoruhusu. Tukutane tena.